Msimu Uliotuletea Kila Kitu Isipokuwa Kombe

Mtu akikuuliza msimu wa 2024/25 ulikuwaje kwa Simba, mtazame kwanza kavaa nini. Akiwa wa nyekundu, kaa naye kitako umhesabie: fainali ya Afrika, mfungaji bora wa ligi, kipa aliyemaliza mechi nyingi kuliko wote bila kuruhusu bao, pointi 78. Akiwa wa kijani na njano, mwambie una haraka, unawahi daladala. Huyo ana swali moja tu, fupi, halina hata salamu: "Kombe liko wapi?"

Swali hilo mimi sina pa kulikimbilia, kwa sababu linalala nyumbani kwangu. Mimi ni wa Msimbazi, Simba kwa kurithi, na mke wangu ni binti wa Jangwani, Yanga ukoo mzima, kuanzia babu hadi mtoto anayetambaa. Tulipokuwa tunaoana wazee wetu walichunguzana vizuri sana. Waliulizana dini, wakaulizana kabila, wakaulizana na magonjwa ya ukoo. Hakuna aliyeuliza timu. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na sisi tukaja kuukamilisha utani huo wa jadi ndani ya vyumba viwili na sebule, hapa Temeke, jirani kabisa na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mpira ukipigwa pale, kelele zinaingia dirishani kabla ya kuonekana kwenye runinga.

Msimu ulianza Agosti kwa kauli mbiu iliyotupandisha mabega: Ubaya Ubwela. Timu ilikuwa mpya karibu yote. Kocha mpya, Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Kiungo mpya kutoka Ivory Coast, Jean Charles Ahoua. Golini Moussa Camara wa Guinea. Timu mpya inataka jezi mpya, na jezi halisi ilikuwa imegongana na ada ya shule. Nikapita Kariakoo kwa machinga mmoja mchangamfu, akaniuzia jezi nyekundu mpaka macho yanauma. "Hii hata uvae miaka mitano, bosi wangu." Hakusema neno kuhusu kuifua.

Jezi ile ilikutana na shati la shule la mwanangu katika beseni moja. Shati liliingia jeupe, likatoka na rangi ya juisi ya rozela. Kulikuwa na shati lingine? Halikuwepo. Mtoto akaenda hivyo hivyo, jioni akarudi na ujumbe wa mwalimu kwenye daftari: "Mzazi, tunaomba ushabiki ubaki nyumbani." Mke wangu akausoma kwa sauti, akaukunja vizuri, akanirudishia daftari. "Ubaya ubwela, baba watoto."

Wiki hiyo hiyo, tarehe 8 Agosti, tulikutana na Yanga kwenye nusu fainali ya Ngao ya Jamii. Maxi Nzengeli akatufunga moja, tukatoka. Nikajipa moyo: timu bado inaungana, mpeni kocha muda.

Oktoba 19 timu ilikuwa imeshaungana. Siku hiyo niliona heri nikae mbali na mke wangu, nikaenda kibanda umiza cha mtaa wa pili. Kwa asiyekijua kibanda umiza: ni banda la mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, runinga moja juu ya kabati lenye kufuli, joto la kuoka mkate, na mtu mmoja aliyesimama mbele ambaye hakai hata umtukanie ukoo. Tabu ya kibanda chetu ni king'amuzi chake. Kinachelewa. Mtaa wa nyuma kuna kibanda cha Wananchi, yaani watu wa Yanga, na wao wanapata picha kabla yetu. Kwa hiyo sisi hatuangalii mpira, tunasubiri hukumu iliyokwisha kutolewa mahakama nyingine.

Mechi ikaenda bila bao mpaka mwishoni kabisa. Tukawa tumeridhika na sare, watu wameanza kutafuta kandambili zao chini ya mabenchi. Ghafla tukasikia mtaa wa nyuma umelipuka. Kwenye runinga yetu mpira ulikuwa bado umetulia chini, faulo haijapigwa. Banda zima likanyamaza, watu wazima na ndevu zao wakawa wanaitazama faulo ile wakiwa wanajua. Kuna mzee mmoja aliyeinua mikono kuomba dua isitokee kitu ambacho kilishatokea. Faulo ikapigwa, mpira ukamgusa beki wetu Kelvin Kijili, ukaingia wavuni kwetu wenyewe. Bao moja kwa bila. Mwenye banda akawasha taa, akasema kwa upole, "Jamani, saa mbili kuna mechi ya Uingereza, kiingilio ni kingine."

Lakini Afrika ilikuwa inatupenda. Kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho tulipangwa na Bravos do Maquis wa Angola, CS Constantine wa Algeria na CS Sfaxien wa Tunisia. Desemba 15, pale Mkapa, Kibu Denis aliwafunga Sfaxien bao la ushindi katika dakika za nyongeza, tukashinda 2-1. Baada ya hapo zikazuka vurugu, viti vikang'olewa, na adhabu ikaja: mechi ya mwisho ya kundi, dhidi ya Constantine, ichezwe bila mashabiki.

Siku ile ilinivunja moyo kwa namna yake. Miaka yote tumeambiwa shabiki ni mchezaji wa 12. Mimi mwenyewe nimeshawahi kupoteza sauti nikaenda kazini nikawa naandika kwenye karatasi kila ninachotaka kusema, nikiamini koo langu lina mchango katika pointi tatu. Januari 19 nikakaa sebuleni, uwanja mtupu, unamsikia kocha akifoka na kipa akiita mabeki wake. Hakuna vuvuzela, hakuna ngoma, hakuna mimi. Tukashinda 2-0, safi kabisa, tukaongoza kundi kwa pointi 13. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Kumbe mlikuwa mnawasumbua tu."

Sasa tuje kwenye Machi 8, siku iliyobadilisha bajeti ya nyumba yangu.

Dabi ya pili ya ligi ilipangwa Jumamosi hiyo. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alipanda basi kutoka Kigoma kuja kuishuhudia. Alifika na begi dogo, jezi ya Yanga, dumu la mawese na migebuka iliyokaushwa vizuri. Nikampokea kwa heshima zote, maana shemeji ni shemeji hata akivaa kijani. Ilikuwa pia Siku ya Wanawake Duniani, na mke wangu alikuwa na maoni yake kuhusu mume anayekwenda mpirani siku hiyo, lakini alivyomuona kaka yake akasamehe, akaweka pilau jikoni.

Usiku wa kuamkia mechi, mambo yakaharibika. Simba walikwenda Mkapa kufanya mazoezi ya jioni ya mwisho, wakazuiwa getini. Usiku ule uongozi wetu ukatangaza kwamba kama kanuni ya mazoezi hayo haikuheshimiwa, timu haichezi. Asubuhi Yanga wakasema wao wanakwenda uwanjani. Mchana mechi ikaahirishwa. Jioni Yanga wakapeleka timu uwanjani hivyo hivyo. Kutoka dirishani kwangu niliwaona watu wa mikoani wakizunguka na jezi zao na vyakula vyao, wanaulizana, "Sasa?"

Shemeji naye aliuliza, "Sasa?" Tukaambiwa tarehe mpya itatangazwa. Akapiga hesabu ya nauli ya kurudi Kigoma, akajumlisha na nauli ya kuja tena, akatazama pilau, akatazama kochi langu. "Shemeji," akaniambia, "hapa busara ni kusubiri."

Ningesema nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo walivyosema wahenga. Wahenga hawakuwahi kuishi Temeke. Jembe la nini kwenye uwanja wa saruji? Nikampa rimoti.

Basi tukaanza kuishi na dabi isiyochezwa. Klabu yake ikatangaza kwamba haitacheza tena mechi hiyo, na shemeji akaitetea kauli hiyo kwa nguvu zote, akiwa na tonge mkononi. Yaani anakaa kwangu kusubiri mechi ambayo yeye mwenyewe hataki ichezwe. Shauri likapelekwa mpaka kwenye mahakama ya michezo ya CAS kule Uswisi. Shemeji, ambaye elimu yake yote ya sheria aliipata kwenye baraza la kata kwa kesi ya mbuzi, akawa ananichambulia vifungu asubuhi na jioni. CAS wakawajibu kwamba kwanza wamalize ngazi za nyumbani. Akanuna siku nzima. Hakula mchana, usiku akala za siku mbili.

Kilichonishangaza zaidi ni uraia wake. Robo fainali tulipangwa na Al Masry wa Misri, wakatufunga 2-0 kule kwao. Shemeji siku hiyo akawa mtu wa Port Said. Mtu ambaye maji makubwa kuliko yote aliyoyajua ni Ziwa Tanganyika, akaanza kuwaita wale "vijana wetu". Akanikumbusha jina walilotubandika mitaani: Mwakarobo, kwa kuwa tangu 2019 tulishafika robo fainali za Afrika mara tano na zote tukaishia hapo hapo.

Aprili 9 nilikwenda Mkapa mwenyewe. Elie Mpanzu akafunga, Steven Mukwala akafunga, ikawa 2-0, jumla mbili kwa mbili, tukaenda kwenye penalti. Camara akapangua, sisi tukafunga, 4-1. Mwakarobo akazikwa! Kule jukwaani kila mtu alimkumbatia aliye karibu. Mimi nilikumbatiwa na kijana mwembamba mwenye kofia nyekundu. Alinikumbatia kwa mapenzi makubwa, akalia begani kwangu, akaniita "baba", akanizungusha. Nikamwombea heri maishani. Nilipofika nyumbani nikaingiza mkono mfukoni nimpigie shemeji, aliyekuwa chumba cha pili, nimtambie tu. Simu haipo. Kijana alikuwa amenikumbatia kitaalamu. Nadhani hata Simba haipendi. Ila kazi yake anaijua.

Nusu fainali, shemeji akahamia Afrika Kusini. Tulipangwa na Stellenbosch, na kwa kuwa Mkapa ilikuwa imefungwa kwa ukarabati, mechi ya nyumbani ikapelekwa Amaan, Zanzibar. Ahoua akapiga faulo ikaingia moja kwa moja, 1-0. Marudiano Durban yakaisha bila bao. Tukaingia fainali, na mtaa ukawa mwekundu. Hata marehemu baba angefufuka. Yeye alikuwepo mwaka 1993, Uwanja wa Taifa ambao sasa unaitwa Uhuru, siku Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan mbele ya Rais Mwinyi. Kule Abidjan ilikuwa 0-0. Nchi nzima ikajua kombe letu, tukafungwa 2-0 hapa hapa nyumbani. Baba alikuwa akisimulia mechi hiyo, akifika kwenye bao la pili anaomba maji ya kunywa. Kwa hiyo fainali hii ilikuwa na deni la miaka 32.

RS Berkane wa Morocco wakatufunga 2-0 kwao, Mei 17. Shemeji, bila shaka, alikuwa ameshakuwa Mmorocco. Nikamwambia Al Masry nao walitufunga hizo hizo. Nikakata tiketi ya boti kwenda Unguja.

Bahari siku ile haikuwa na timu. Boti ilitoka Dar imejaa nyekundu, watu wanaimba, ngoma zinalia. Tulipofika katikati ya mkondo, nyimbo zikaanza kupungua sauti moja moja. Jamaa aliyekuwa akiongoza kuimba, kifua wazi kilichopakwa rangi, akakaa chini taratibu, akaomba mfuko. Mhudumu akapita na mifuko kama anayegawa karanga. Mpaka tunaiona minara ya Mji Mkongwe, rangi pekee iliyobaki nyusoni ilikuwa ya kijani, na kila mmoja alikuwa na aibu nayo.

Pale Amaan nilikaa karibu na bibi mmoja wa Kiunguja, buibui lake limetulia, skafu ya Simba shingoni. Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga. Bibi akanipiga kofi la mgongo ambalo bado nalikumbuka wakati wa baridi. Tulihitaji moja tu, twende tukatafute la tatu. Kipindi cha pili Yusuph Kagoma akapewa kadi nyekundu. Tukiwa pungufu, Mukwala akafunga! Uwanja ukapasuka. Bibi akavua skafu akaizungusha hewani. Kisha mwamuzi akagusa sikio, akaenda kusimama kwenye kiruninga chake pembeni. Bibi akaniuliza, "Mwanangu, anatizama nini?" Nikamwambia wanarudia picha, kuona kama mtu aliotea. Akashangaa. "Yaani goli siku hizi lataka kupigwa picha kama mfupa?" Picha ikatoka, mfupa ukaonekana umevunjika. Bao likafutwa. Dakika za mwisho kabisa Soumaïla Sidibé akasawazisha, 1-1, jumla 3-1, na Berkane wakabeba Kombe la Shirikisho lao la tatu. Bibi akajifunga skafu yake upya, akaniambia, "Pole, mwanangu. Kula kwanza, utalia ukishashiba." Akanimegea mkate wa ufuta.

Nilikuwa nimenunua halua ya kusherehekea kombe, pakacha zima. Nikarudi nayo Temeke. Mtu wa Morocco akaila yote, akasema Wazanzibari wanajua kupika.

Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani sitaielezea kwa urefu. Ilikuwa Babati, Mei 31, Singida Black Stars wakatufunga 3-1. Inatosha.

Ikabaki ligi. Dabi ikapewa tarehe, Juni 15. Nikamnunulia shemeji tiketi ya basi la Juni 16 kwa mkono wangu. Tarehe ikasogezwa mbele hadi Juni 25. Ile tiketi haikurudishwa hela. Wapenzi wa Yanga wengi walisema mechi haipo, lakini ilikuwepo, na ilikuwa tamu kuliko dabi zote kwa hesabu: ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, Yanga wana pointi 79, sisi 78. Tukishinda, ubingwa wetu. Na waamuzi waliletwa kutoka Misri. Hilo la waamuzi nililishangilia, sikujua kwamba ni kisu. Shabiki wa Simba au Yanga akifungwa ana kimbilio moja la uhakika tangu enzi za mababu: refa. Sasa refa ametoka Misri, hamjui mjomba wa mtu yeyote Kariakoo. Ukifungwa hapo, umefungwa kweli.

Tukafungwa kweli. Kipindi cha pili Pacome Zouzoua akafunga penalti, Clement Mzize akaongeza la pili. Mbili bila. Yanga bingwa kwa mara ya nne mfululizo, pointi 82. Na sisi tukawa tumefungwa na mtani mara tano mfululizo, tangu zile tano kwa moja za Novemba 2023. Shemeji hakupiga kelele. Alikuja akanishika bega, akaniambia kwa huruma ya dhati, "Shemeji, mwaka huu mlikuwa wazuri sana." Heri angenitukana.

Hapo ndipo penye maumivu ya msimu ule. Timu mbovu haina shida kuishangilia, unaitukana, unalala. Zile tano kwa moja zilinitoka ndani ya wiki mbili. Lakini timu inayokufikisha fainali ya Afrika, inayokupa mfungaji bora mwenye mabao 16, inayokupeleka mpaka mechi ya mwisho ukiwa pointi moja nyuma, halafu inarudi mikono mitupu, hiyo unaitukania wapi? Wapinzani wanataka kombe la kuonyeshwa, na sisi tuna takwimu. Takwimu haziwekwi kwenye gari la wazi zikapita Msimbazi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali. Hukumu yangu, baada ya hasira kupoa, ni kwamba huu ulikuwa msimu wetu bora katika misimu minne ya kulia, na timu ile ilistahili kombe walau moja, hata la kuazima. Kwa mashabiki wenzangu nina mawili tu. Jezi nunueni halisi, au kama ni ya machinga, ifueni peke yake. Na ukikumbatiwa uwanjani, kumbatia kwa mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni.

Kwa wapanga ratiba nina ombi. Sisi tunaoishi jirani na uwanja tuna ndugu mikoani, na ndugu hao wanaipenda dabi. Mkitaka kuiahirisha, ahirisheni mapema, kabla mabasi ya Kigoma hayajaondoka.